Ziara ya vita vya Largs: nilichokilipia na nilichokipata bure

Nianze na nyota, ili mwenye haraka asome aya hii moja aende zake. Ziara ya kikundi ya siku moja kutoka Glasgow kwenda Largs, mji wa pwani ya magharibi ya Scotland, kuona mahali pa vita vya mwaka 1263 kati ya Wanorwei na Waskoti, pauni 48 kwa mtu mzima na 36 kwa mtoto: nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya dereva. Mnara wa Largs, ambao wenyeji wanauita Penseli, bure: nyota nne. Feri ya kuvuka kwenda kisiwa cha Cumbrae: tano, na kama kungekuwa na ya sita ningeitoa. Jina la kampuni ya ziara silitaji. Niliwaandikia, wakanijibu kwa adabu, na sina nia ya kumwaga unga wa mtu. Ninachotaka ni Mswahili mwenzangu wa huku, au aliyekuja likizo kutoka London, asitoe pauni 84 kama nilivyotoa mimi kwa jambo ambalo treni na miguu yake miwili vinamtosha.

Mimi ni dereva wa basi hapa Glasgow, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimezaliwa Lamu, mtoto wa nahodha. Jahazi la marehemu baba lilikuwa la boriti: mikoko kwenda Mombasa, kurudi na saruji, sukari, mabati, chochote kilichopatikana. Utotoni nimelala juu ya boriti zile nikisikiliza amari ikilia usiku kucha. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna mahali mwendo wa saa moja kutoka kwangu ambapo mfalme alikuja na merikebu zaidi ya mia na bahari ikamvurugia kazi kwa usiku mmoja, mimi siulizi bei mara mbili. Ndicho kilichoniponza. Na mpwa wangu, binti wa dada yangu, miaka kumi na minne, alikuwa amekuja kwangu kutoka Leicester na amechoka kuangalia mvua dirishani. Nikakata tiketi mbili.

Gari lilikuwa liondoke saa tatu kamili asubuhi. Liliondoka saa tatu na dakika thelathini na tano. Mtu anayeendesha basi la umma hizo dakika anazihesabu, mnisamehe. Basi dogo la viti kumi na sita, safi, na dereva anayeshika breki kama aliyepakia mayai. Nyota yake ni halali yake. Kisha akapanda mwongozaji, kijana mchangamfu, sauti nzuri, kichwani kofia ya plastiki yenye pembe mbili.

Mpwa wangu akaninong'oneza: "Mjomba, Waviking hawakuvaa pembe."

Kweli hawakuvaa. Pembe zile ni za jukwaani, zilibuniwa karne ya 19 kwa ajili ya maonyesho ya muziki. Lakini kwangu tatizo halikuwa kofia yenyewe, ni kile alichokisema chini ya kofia. Kuanzia Glasgow hadi pwani tulisimuliwa washenzi wa kaskazini waliotokea ukunguni kuchoma na kupora, mpaka Waskoti wakawafukuza. Ukimsikiliza utadhani ni mwaka 800. Mwaka 1263 Haakon wa Norwei alikuwa mzee wa miaka 59, mfalme tangu mwaka 1217, Mkristo, aliyeamuru hadithi za Kifaransa zitafsiriwe kwa lugha yake ili zisomwe ikuluni. Hakuja kupora kuku. Alikuja kutetea mali ambayo kwa macho yake ilikuwa yake kwa hati.

Hapa niruhusuni nifanye kazi ya yule kijana kidogo, kwa sababu bila hili huwezi kuelewa unachokiangalia ukifika Largs. Visiwa vya magharibi mwa Scotland, kuanzia Lewis kule juu hadi Man kule chini, Wanorwei waliviita Suðreyjar, yaani visiwa vya kusini. Kwa Mskoti viko magharibi na kaskazini. Kwa Mnorwei aliyekuja kutoka Orkney, visiwa vilivyo kaskazini mwa Scotland, viko kusini. Jina linategemea unatazama ukiwa wapi. Mwaka 1098 mfalme wa Norwei aliyeitwa Magnus, wa lakabu ya Miguu Mitupu, alikubaliwa na mfalme wa Scotland kwamba kila kisiwa anachoweza kukizunguka kwa merikebu ni chake. Inasimuliwa kwamba akakaa usukanini huku watu wakiikokota merikebu yake juu ya nchi kavu pale Tarbert, kwenye shingo ya rasi ya Kintyre, ili rasi nayo ihesabiwe kuwa kisiwa. Mpwa wangu alicheka kwa hilo kuliko kitu chochote siku ile, na alilisikia kwangu, si kwa mwenye kofia.

Miaka 150 baadaye wafalme wa Scotland walianza kuvitaka visiwa hivyo. Alexander II alijaribu kuvinunua, akakataliwa, akaenda kuvichukua kwa nguvu, akafia kisiwani Kerrera mwaka 1249. Mwanawe, Alexander III, alikuwa mtoto wa miaka saba. Alipokuwa kijana naye akatuma wajumbe kununua, naye akakataliwa. Mwaka 1262 watu wa mwinyi wa Ross, Mskoti, wakakivamia kisiwa cha Skye, na habari zilizofika Bergen kule Norwei zilikuwa za makanisa kuchomwa na watoto kuuawa. Kiangazi kilichofuata Haakon akashuka na kundi ambalo masimulizi yanasema lilikuwa merikebu zaidi ya 120, yake mwenyewe ikiwa ya mwaloni mtupu, madawati 27 ya makasia, vichwa vya nyoka vikiwa vimepakwa dhahabu.

Sasa turudi kwenye ziara. Tulifika Largs saa tano kasoro. Mwongozaji akatuambia tuna dakika arobaini mnarani, kisha tutaendelea na ngome moja na kiwanda kimoja cha pombe ambacho mimi na mpwa wangu hakituhusu. Hili la kiwanda halikuwa kwenye maelezo niliyoyasoma wakati nalipa. Nilipouliza akasema huwa wanabadilisha kulingana na kikundi. Kikundi kipi? Nusu ya gari walikuwa watoto.

Penseli yenyewe inapendeza. Ni mnara wa mviringo wa mawe ya kijivu, mrefu kama mita 20, umechongoka juu kama penseli iliyotoka kuchongwa, umesimama kwenye mwamba kando ya maji, kusini mwa mji, karibu na bandari ya boti za kifahari. Umejengwa mwaka 1912 kwa kuiga minara ya kale ya watawa wa Kiayalandi. Kwa hiyo hauhusiani na vita kwa umri wala kwa umbo, ila wameusimamisha kuvikumbuka, na ukikaa chini yake ukatazama mbele unaona kila kitu: mlango wa bahari, Cumbrae ng'ambo, na nyuma yake milima ya Arran ikiwa na kilemba cha mawingu. Mlango wa mnara siku ile ulikuwa umefungwa. Nyota nne nimeupa kwa sababu ya hapo mahali. Nyuma yake kuna kinga nzuri ya upepo. Adhuhuri yangu safari ya pili niliisalia pale na hakuna aliyenishangaa isipokuwa mbwa mmoja.

Chini ya mnara huo mwongozaji alitumia dakika kumi kutusimulia habari ya mbaruti. Wanorwei walivua viatu usiku ili waje kimyakimya, mmoja akakanyaga mmea wa miiba, akapiga yowe, Waskoti wakaamka, na ndiyo sababu mmea ule ni nembo ya Scotland. Hadithi tamu. Ina walakini mmoja: haimo kabisa katika masimulizi ya Sturla Þórðarson, Mwaislandi aliyeandika habari za Haakon mara tu baada ya kifo chake, kati ya mwaka 1264 na 1265, kwa agizo la mwana wa mfalme, na ambaye ndiye anayetupa karibu yote tunayoyajua kuhusu siku ile. Wala mapigano hayakuwa ya usiku.

Nikanyanyua mkono. Nikamuuliza: "Kijana wangu, siku ile maji yalikuwa yanajaa au yanapwa?"

Akanitazama. Akatazama simu. Akasema swali zuri sana, atalitafuta. Kisha akageukia watoto na kuwauliza nani anataka kupiga picha na shoka.

Sikumlaumu kwa kutojua jibu. Nimemlaumu kwa sababu hakuona kwamba swali lipo. Maana vita vya Largs ni vya bahari mwanzo hadi mwisho, na sisi tuliuzwa vita vya mapanga. Kwetu Lamu mtoto wa chuo anajua kwa nini watu wa Pate na wenzao wa Mombasa walishindwa Shela, kama mwaka 1812: walipogeuka kukimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yameshapwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Ndiyo kwanza unauliza maji, halafu unauliza panga.

Basi Jumamosi iliyofuata tukarudi peke yetu, mimi na mpwa wangu, bila mwenye kofia. Treni kutoka kituo cha Central, kama saa moja, inakomea Largs kwenyewe, na ukitoka kituoni gati la feri ni hatua chache. Feri ni ya CalMac, kampuni ya feri za visiwani, chombo kipana cha magari, na inavuka kwa kama dakika kumi. Mabaharia wake wana ule utulivu wa watu wanaofanya jambo lilelile mara kumi kwa siku bila kulidharau. Mmoja, mzee mwenye glavu zilizotoboka kidole gumba, alimwachia mpwa wangu asimame omoni karibu na mnyororo, akamwonyesha kwa mkono mahali mkondo unapokaza. Hakuongea zaidi ya maneno kumi. Nilijifunza kwake kuliko nilivyojifunza kwa pauni 84.

Upande wa pili tulikodi baiskeli. Barabara inakizunguka kisiwa kizima, kilomita 16, karibu yote ni tambarare na magari ni machache. Mjini Millport kuna kanisa kuu linalosemekana ni dogo kuliko makanisa makuu yote ya Uingereza, na kuna jabali ufukweni lililopakwa rangi likawa mamba mwenye meno. Mpwa wangu alilipanda. Lakini kituo chetu kilikuwa upande wa mashariki, tunatazama Largs tuliyotoka. Tulikaa juu ya mawe, nikatoa kahawa ya tangawizi kwenye chupa, nikamsimulia pale pale, maana pale ndipo merikebu zilipolala.

Kwanza ni habari ya kungoja. Haakon alikuwa ameshafika huku mwishoni mwa kiangazi, ameshapita Kintyre, ametia nanga. Watawa wakawa wanakwenda na kurudi na maneno ya suluhu. Alexander III, kijana wa miaka 22, alidai vitu vidogo tu: visiwa vya Arran, Bute na Cumbrae hizi mbili, kubwa na ndogo. Haakon hakuvitoa. Na yule kijana hakuwa na haraka. Kila wiki ya mazungumzo ilikuwa wiki inayousogeza msimu wa dhoruba, na merikebu 120 zinakula. Nahodha yeyote wa kwetu anajua hali hiyo: msimu unakuponyoka, shehena haijauzwa, na mwenye duka anakwambia rudi kesho tuzungumze. Haakon akachoka, akatuma merikebu sitini zipande Loch Long. Mwishoni mwa ziwa lile la bahari wakazikokota baadhi juu ya nchi kavu hadi ziwa Lomond na kuchoma vijiji vya ndani ambavyo havikuwahi kuota kwamba vitavamiwa na wanamaji.

Kisha ikaja ile dhoruba, usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba. Mvua ya mawe na upepo. Usiku wa manane merikebu ya mizigo ikakatika na kuja kuigonga merikebu ya mfalme, kamba zikasukana, nanga ya ile ikainasa hii, ikabidi wakate amari kuiachia. Merikebu ya mfalme ikaanza kukokota nanga. Wakatupa nyingine, na nyingine, hadi zikawa saba, pamoja na ile waliyoinyang'anya merikebu ya mizigo. Bado inakwenda. Wakatupa ya nane, ile kubwa ya mwisho ambayo chombo hakiitoi ila siku ya kufa. Ikaendelea kukokota kidogo, ndipo zikashika. Mfalme alikuwa ameingia mashuani na kuvutwa hadi Cumbrae kusomewa misa. Merikebu nyingine zilikata milingoti. Tano zilipwelewa. Na watu wakasema upepo ule haukuwa wa Mungu, ulikuwa wa uchawi. Mpwa wangu akasema, "Hata huku?" Hata huku, mwanangu.

Jioni ile nilimtumia kaka yangu Lamu ujumbe wa sauti nikamweleza habari ya nanga nane. Kaka bado yuko baharini, hana subira na hadithi. Akanijibu: "Nanga nane! Chini kuna nini hapo, mchanga au jabali?" Nikamwambia ufuko nilioukanyaga mimi maji yakipwa ni kokoto na mawe yenye mwani unaoteleza kama bamia. Akakaa kimya sekunde nne, nazihesabu kwenye simu, akasema: "Basi walikuwa wanatupa nanga juu ya sahani." Halafu akaniuliza mtoto amekula.

Mapigano yenyewe yalikuja Jumanne, tarehe 2. Wanorwei walikuwa wamerudi ufukweni kuokoa shehena ya ile merikebu ya mizigo, ambayo Waskoti walikuwa wameshaanza kuipakua usiku, na mfalme mwenyewe akaja ardhini. Jeshi la Waskoti lilipoonekana, watu wake walimsihi arudi majini. Hakutaka, lakini akaenda. Kama watu mia mbili walikuwa wamekaa juu ya kilima kidogo na kiongozi wao Ögmund. Wengine mia sita au mia saba chini kwenye kokoto. Wale wa juu wakaanza kushuka ili wasizingirwe, kushuka kukawa kukimbia, na wa chini walipowaona wenzao wanakimbia wakadhani mambo yameharibika. Baadhi wakaruka mashuani na mashua zikazama kwa uzito. Hapo ndipo watu wengi waliumia, kwenye haraka, si kwenye ushujaa. Waliobaki wakajikusanya nyuma ya vyombo vilivyopwelewa na kupigana humo humo katikati ya shehena. Kuna Mskoti mmoja aliyekumbukwa kwa jina hata na adui zake, Piers de Curry, mwenye kofia ya chuma iliyopambwa dhahabu na vito, aliyepenya na farasi katikati ya Wanorwei na kurudi. Aliporudia tena akakatwa paja. Mkanda wake wa thamani ukavuliwa mwilini. Kuelekea jioni Waskoti wakarudishwa nyuma, Wanorwei wakapanda mashua zao na kwenda zao merikebuni. Siku zilizofuata walirudi kuchukua maiti na kuchoma vyombo vilivyokwama.

Nani alishinda? Mwenye kofia alituambia Waskoti waliwafagia. Sturla, aliyelipwa na upande wa pili, anaandika kana kwamba Wanorwei waliushika uwanja. Wanahistoria wa leo wengi wanaita jambo lile mapambano madogo, na hata mahali penyewe hawajakubaliana kama ni karibu na Penseli au huko ulipo mji sasa. Mimi nikiwa juu ya lile jiwe la Cumbrae niliona jambo moja tu: ni karibu mno. Kutoka ilipolala merikebu ya mfalme mpaka kwenye zile kokoto unaona mtu akitembea. Mtu aliyekuja na merikebu mia na ishirini alikaa pale anaangalia watu wake mia nane wakipigwa, na upepo haukumruhusu kupeleka msaada wa maana. Hilo huwezi kuliona ukiwa chini ya mnara. Lazima uvuke.

Haakon alirudi Orkney kungojea majira mema. Akaugua. Katika nyumba ya askofu pale Kirkwall alisomewa kwanza vitabu vya Kilatini, akachoka kuvifuata, akataka asomewe kwa lugha yake: habari za watakatifu, kisha habari za wafalme waliomtangulia, mmoja baada ya mwingine. Zilipokwisha za babu yake Sverre, karibu na usiku wa manane, naye akakata roho, tarehe 16 Desemba 1263. Mpwa wangu akauliza kama hilo nalo nimelizua. Sikulizua.

Na mwisho wa mambo ukawa ule ule uliokataliwa mwanzoni: visiwa vikanunuliwa. Magnus mwana wa Haakon akatia saini Mkataba wa Perth tarehe 2 Julai 1266: Scotland ilipe marki 4,000 (kipimo cha fedha cha zama zile) kwa awamu nne, na marki 100 kila mwaka milele, zikahesabiwe kanisani Kirkwall. Wakazi wa visiwani wakaachiwa hiari, anayetaka kuhama na mali yake ahame. Orkney na Shetland hazikuwemo. Zilibaki upande wa Norwei miaka mia mbili zaidi, hadi mfalme wa Denmark na Norwei alipoziweka rehani mwaka 1468 na 1469 kwa mahari ya binti yake asiyoweza kuilipa. Milele nyingine ni fupi.

Chakula. Pale Largs kuna mkahawa wa zamani wa Nardini's ulioko ufukweni tangu mwaka 1935, jengo jeupe la mapindo kama meli ya abiria, na aiskrimu yake inastahili foleni yake. Mpwa wangu alichukua ya pistachio, mimi ya vanila, mtu wa makamo hajaribujaribu. Samaki na chipsi tulinunua kwenye duka jingine. Ushauri kwa Mwislamu mwenzangu: uliza wanakaangia mafuta gani kabla hujalipa, maana huku wengi hutumia mafuta ya ng'ombe. Dada wa pale hakukasirika, alinionyesha mtungi wenyewe ulioandikwa alizeti. Samaki alikuwa mzuri, ila ndimu hawana, wana siki. Nimeshazoea kutembea na ndimu yangu mfukoni.

Kwa atakayekwenda: angalia kwanza jedwali la maji kwenye simu, uwe Penseli wakati yanapwa, ili uteremke kwenye kokoto zenyewe badala ya kusimama kwenye nyasi na watalii. Kutoka gatini hadi mnarani ni kama nusu saa kwa miguu kando ya bahari, kiti cha mtoto cha magurudumu kinapita bila shida. Vuka Cumbrae kabla ya saa sita, kwa sababu baiskeli nzuri huisha mapema na utabakiwa na ile yenye kengele iliyokufa, kama mimi. Mwishoni mwa kiangazi mji unakuwa na tamasha la Waviking na merikebu inachomwa moto usiku karibu na mnara. Hapo pembe za plastiki zitakuwa nyingi, nimekuonya. Vaa koti lisilopitisha upepo hata kama Glasgow kuna jua. Mimi nilivaa sweta la kazini, na kwenye feri ya kurudi yule mzee wa glavu zilizotoboka alinitazama mara moja, akafungua mlango wa chumba cha abiria, akaushika mpaka nikaingia.